Debe la Samaki la Makungu

Makungu bin Jaku hakupenda watu, na watu hawakuwa na haja ya kumpenda. Walichotaka kwake ni maji. Kwa miaka ishirini na miwili aliangalia birika la msikiti mdogo wa Kikwajuni, ule usio na mnara, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyekanyaga ngazi za birika lile kwa mguu wa tope akaondoka bila ya kutukanwa. Aliwatukana matajiri na maskini sawasawa. Katika mji ule, uadilifu wa namna hiyo ulikuwa umeshaanza kuadimika.

Kwao ni Tumbatu, kisiwa kisicho na kisima cha maji ya kunyweka. Alipokuwa mdogo, mama yake alikuwa akivuka kwa mtumbwi mpaka Mkokotoni kuteka maji, na mtungi ukimwagika njiani, nyumba nzima hulala na kiu. Mtu aliyelelewa hivyo hawezi kuyatazama maji kama wayatazamavyo watu wa leo, ambao hufungua mfereji kisha wakageuka kuzungumza, maji yakamiminika mpaka njiani. Makungu akihesabu kata. Ukitawadha kwa kata tatu alinyamaza. Ukichota ya nne alikuuliza kama umekuja kusali au umekuja kuoga.

Ndani ya birika mlikuwamo samaki. Aliwaleta yeye mwenyewe kutoka mto wa Mwera, samaki wadogo mfano wa kidole cha mtoto, weusi mgongoni na wekundu kidogo mkiani. Kazi yao ilikuwa moja tu, kula viluwiluwi wa mbu. Hilo halikuwa wazo lake. Mabirika ya misikiti ya pwani hii yalikuwa na samaki tangu zamani, kabla ya mtu yeyote kuja kutufundisha usafi. Maji yake yalikuwa meupe, na hapakuzaliwa mbu mle akafika ukubwani.

Mwaka mmoja kabla ya vita vya Mjarumani, wakubwa wakatangaza kwamba mbu ndiye aletaye homa, na kwamba dawa yake ni mafuta ya taa. Wakapita watu na makopo mtaa kwa mtaa, wakimimina mafuta kila walipoona maji yametuama. Visima vikanuka kama taa iliyopinduka. Wenye visima walinung'unika majumbani mwao, na nje wakasema naam, naam.

Jumatatu moja wakafika Kikwajuni. Alikuja Mzungu wa afya, mrefu, shingo nyekundu, na karani wake Hashil bin Zahor. Hashil alikuwa mtoto wa watu. Babu yake alikuwa na mashamba Tunguu, ukianza kuyazunguka asubuhi jua linakuchwea ndani yake. Mashamba yalikwenda walikokwenda wenyewe, na mjukuu akabaki na kanzu nzuri, kalamu ya ofisi, na kiburi cha wazee wake wote. Makungu alikuwa na mvi zamani Hashil akibebwa mgongoni, lakini Hashil hakumwamkia.

"Wewe ndiye mwenye maji haya?" aliuliza.

"Maji ya Mungu. Mimi nayaangalia tu. Na wewe ndiye mtoto wa Zahor asiyefundishwa shikamoo."

"Nimekuja kwa kazi ya serikali, mzee. Sikuja kuamkia."

Mzungu akapiga hatua aingie kwenye birika na viatu vyake. Makungu akasimama mlangoni, mkono mmoja huku na mmoja huku.

"Mwambie avue."

Hashil akamwambia. Mzungu akaviangalia viatu vyake, vya kamba zilizopanda mpaka chini ya goti, akatikisa kichwa. Basi pakawa pamekwama. Huyu hafungui kamba, na huyu haondoi mikono. Mambo makubwa ya nchi hii yameharibika kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

"Kasema maji yote yaliyotuama yatatiwa mafuta, na birika litazibwa," alisema Hashil. "Mtaletewa mfereji."

"Na nani atasukutua kinywa kwa mafuta ya taa? Mwambie humu mna samaki. Viluwiluwi wote wanaliwa."

Hashil akafasiri huku anacheka upande mmoja wa mdomo. Mzungu akajibu maneno machache.

"Kasema yeye hajamwona samaki. Akimwona kwa macho yake anakula, ataliacha birika lako. Atarudi Jumatatu ijayo. Asipoona, mafuta."

"Basi n'tamtolea nje, hapa barazani, awaone."

"Utamtolea katika nini, mtungi? Ana macho ya kupenya udongo huyu?"

Wakaondoka. Makungu akabaki na siku saba na swali la Hashil, na lililomuudhi zaidi ni kwamba lilikuwa swali la haki. Alihitaji chombo cha kioo. Bakuli za kioo zilikuwako madukani kwa Wahindi, zimepangwa juu, kwa bei ambayo yeye, aliyekuwa akiishi kwa kipato cha wakfu na futari za watu, hakuona hata sababu ya kuiuliza.

Akaenda kwa Borafya, fundi wa koroboi, aliyekuwa akikata madebe ya mafuta na kuyageuza taa za maskini. Borafya alikuwa na ulimi wa kukwaruza kama bati lake.

"Mtumbatu anataka samaki wa dirishani," alisema. "Bahari yote ile haijakutosha?"

"Kata upande mmoja wa debe, utie kioo. Kinywa chako kipumzishe."

"Kioo unacho?"

"Unacho wewe. Kile cha saa ya ukutani."

Kweli alikuwa nacho, kioo cha saa kubwa iliyoanguka katika nyumba moja ya Shangani, na alikuwa akikiweka kwa taa ya mteja. Makungu hakuwa na fedha. Akampa shuka yake ya Idi. Borafya akaipokea, akainusa, akasema ina harufu ya birika, kisha akalikata debe.

Mara ya kwanza mambo yakaharibika. Lehemu haikushika kioo, maji yakatoka pembeni, na samaki wawili waliotiwa mle wakageuka tumbo juu kabla ya adhuhuri, maana debe lilikuwa bado na mafuta yake ya taa. Makungu akawazika samaki wale chini ya mpapai, akamtukana Borafya, kisha akakaa kitako akafikiri. Akachemsha maji ya majivu, akalisugua debe kwa makumbi mara tatu, mpaka aliponusa ndani hakusikia ila bati. Kuhusu kioo, akakumbuka alivyofanya ujanani Tumbatu walipokuwa wakiziba vyombo vya bahari: chokaa na mafuta ya simsim, ukaponda mpaka mkono ukalegea. Akaijaza mishono yote deheni ile, akaianika siku mbili.

Akaleta mchanga wa Mwera, akauosha mpaka maji yake yakatoka meupe. Akapanda magugu ya mtoni mizizi yake mchangani. Maji akachota birikani mlemle, maji waliyoyazoea, wala hakujaza mpaka juu. Kisha kwa kifumbu cha tui cha mkewe akavua samaki watatu tu, akawaachia taratibu. Wakajificha kwenye magugu. Hakuwasumbua. Alijua mgeni akiingia nyumba mpya huachwa kwanza apumue.

Siku ya Ijumaa akaokota viluwiluwi katika pipa la jirani mwenye mfereji, akawatia. Samaki wakatoka magugumani. Kwanza mmoja, kisha wote. Hata mtu hajamaliza kuvuta uradi, hakikubaki kiluwiluwi. Watu waliotoka msikitini wakajazana kwenye debe, na wazee waliokuwa wametukanwa miaka ishirini wakamwambia Makungu mashaallah. Yeye akawaambia wasipumulie kioo.

Ilibaki Jumatatu tu.

Debe lilikuwa chumbani kwake. Jumapili alasiri, mkewe Kazija, ambaye hakuwa amemwambia neno jema tangu kifumbu chake kichukuliwe, alisimama mlangoni akakunja uso.

"Linanuka."

"Linanuka maji."

"Linanuka kinamasi, Makungu. Kesho unaliweka barazani, mbele ya Mzungu na mtoto wa Zahor. Watasema Waislamu wa Kikwajuni wanatawadhia tope. Hata mtungi wa kumpa maji mpita njia hufukizwa ubani."

"Hawa ni samaki, mwanamke."

"Wanaokuja kutazama nao ni samaki?"

Kazija alikuwa amemgusa penyewe. Makungu ndiye aliyekuwa akifukiza mitungi ya kunywea ya msikiti kila Alkhamisi. Huchukua chetezo, akautia ubani juu ya makaa, akaupindua mtungi juu yake mpaka tumbo lake likajaa moshi, ndipo akatia maji. Mtu akinywa, harufu humpanda puani kabla ya maji hayajafika kooni. Kumwekea mgeni maji yasiyofukizwa kulikuwa kwake sawa na kumfungulia mlango ukiwa uchi. Hashil angekunja pua, na angelisema lile alilokuwa akitafuta kulisema.

Basi Jumatatu, baada ya sala ya alfajiri, akawahamishia samaki katika kata. Akamwaga maji, akatoa mchanga, akang'oa magugu, akalifuta debe kwa kitambaa mpaka likakauka. Akawasha chetezo, akautia ubani wa maiti wala si wa mtungi, maana ndio uliokuwa mzuri zaidi, akalipindua debe juu yake. Moshi ukakaa. Kisha akalijaza maji mapya ya mfereji wa jirani, yaliyochujwa kwa nguo, yanayong'ara, akawarudisha samaki. Debe likanukia kama chumba cha bi harusi. Kazija alipita, akanusa, hakusema kitu, na kwake hiyo ilikuwa sifa.

Wakaja saa tatu. Debe lilikuwa barazani juu ya kibao, jua likipiga kwenye kioo, na watu wamekaa pande zote. Mzungu akachuchumaa. Makungu akamimina viluwiluwi.

Samaki hawakuwaendea. Walikuwa juu, midomo wazi, wakigusa uso wa maji na kuuacha. Utando mwembamba ulikuwa umetanda pale, wa rangi rangi kama mgongo wa njiwa. Mmoja akalala ubavu. Makungu akagonga kioo kwa kucha, kitu alichokuwa amekikataza kwa kila mtu. Wa pili akazama, akasimama kichwa chini, akatulia. Viluwiluwi walikuwa wakicheza kila upande.

Mzungu alingoja muda mrefu. Lazima hilo lisemwe. Kisha akainuka, akapangusa goti, akanena neno moja.

"Mbona wananukia?" aliuliza Hashil. Akainama, akanusa, na hapo akaelewa. "Umewafukiza. Mzee Makungu, umewafukiza samaki ubani." Akawageukia waliokaa barazani. "Bado sanda tu."

Wawili watatu wakacheka. Walikuwa watu wa msikiti, waliotumia maji yake tangu utoto wao.

"Mpe siku saba nyengine," alisema Makungu. "Mwambie kosa langu, si la samaki. Mwambie avue viatu aingie, n'tamshika mkono mimi mwenyewe. Hata asivue. Aingie navyo."

Hashil akamtazama. Alikuwa na maneno hayo mdomoni, ya kufasiri au kuyaacha, na hapana mwengine pale aliyejua Kiingereza.

"Kazi ni nyingi leo," alisema, akafunga daftari.

Mafuta yakamiminwa kabla ya adhuhuri. Ilipofika alasiri samaki wa birika wakaanza kuibuka, na Makungu akawavua kwa kifumbu mmoja mmoja, akiwa peke yake, maana wengine walikuwa wamekwenda kuutazama mfereji ukifungwa ukutani.

Baada ya siku nne wakaja waashi na mbao kuziba birika kwa zege la chokaa. Imamu, kwa kumhurumia, akamwambia Makungu akae nyumbani siku hiyo. Hakukaa. Alikuja, akasimama juu ya vichwa vyao tangu asubuhi, akawaona wanakoroga chokaa na maji kwa ndoo bila ya kupima, yanamwagika na kukimbilia mtaroni.

"Punguza maji, mshenzi we," alimwambia mkubwa wao. "Chokaa haikorogwi hivyo."

Akamnyang'anya koleo, akapiga magoti, akaanza kuikoroga mwenyewe.