Mama Vifungo na Zulia Jeusi

Jirani yangu ni fundi cherehani. Watoto wa mtaani walimpa jina la Mama Vifungo, naye akalipokea kwa kicheko. Macho yake yalianza kufifia angali msichana, na sasa huona kama mtu anayechungulia kwenye kioo chenye mvuke. Kushona hajaacha. Chumba chake amekipanga kwa rangi na kwa vidole. Kifuniko cha kopo la chumvi amekigundishia kifungo kimoja, cha sukari viwili. Kikombe cheupe hakiweki kwenye meza nyeupe. "Nikikiweka hapo," huniambia, "kinanikimbia."

Mama yangu alipoanza kusahau, nilimleta kwangu. Kula alikula, kulala alilala. Shida ilikuwa choo. Akifika mlangoni alishika fremu kwa mikono miwili.

"Nitatumbukia, mwanangu."

Nikimvuta, analia. Mara nyingi alijikojolea pale pale, akaona aibu, nami nikaona aibu zaidi. Nilidhani ni ugonjwa tu unaosema.

Dada yangu mkubwa alikuja, akaona, akaamua. "Mwanamume utambadilisha mama nguo mpaka lini? Mwisho wa mwezi namchukua."

Kwake ni ghorofa ya juu, na akienda kazini angemfungia mlango kwa nje. Nilijua mama angenyauka mle ndani. Lakini kubishana siwezi, hasa na dada. Nikasema, "Sawa," nikaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Wiki hiyo Mama Vifungo aliniletea suruali aliyonipunguzia kiuno. Akaomba kunawa mikono, nikamwonyesha choo. Mlangoni akasimama ghafla, akanyoosha mguu kama anayepima kina cha maji.

"Kaka, hili shimo mmelichimba lini?"

"Shimo gani?"

"Hili hapa mbele yangu! Unataka nivunjike mguu, suruali zako ashone nani?"

"Dada, hilo ni zulia la kufutia miguu."

Lilikuwa zulia jeusi, zawadi ya dada yangu, juu ya vigae vyeupe. Mama Vifungo alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha kicheko kikakatika.

"Mama akifika hapa husemaje?"

"Husema atatumbukia."

"Basi mimi na yeye tunaona shimo moja."

Akainama, akalikunja zulia, akalitia kwapani. "Mama! Njoo, shimo tumelifukia."

Mama akaja polepole. Akatazama sakafu, akatutazama sisi. "Mmechelewa sana," akasema, akaingia, akafunga mlango.

Mimi nilitoka uani kuangalia nguo kwenye kamba. Hazikuwepo; siku hiyo sikuwa nimefua.

Baada ya hapo nilimfuata Mama Vifungo kwa kila alichosema. Mlango wa choo ulikuwa mweupe kama ukuta, nikaupaka buluu. Mama alikuwa akiisalimia sura yake kwenye kioo cha ukumbini na kununa: "Huyu bibi hana adabu, haitikii." Mama Vifungo akakishonea pazia, na ule ugomvi ukaisha.

Mwisho wa mwezi dada alifika na begi kubwa, tupu. Tulikuwa tunakunywa chai mama alipoinuka. Dada akaruka kumshika.

"Niache, njia naijua."

Akapita kando ya ukuta hadi kwenye mlango wa buluu. Dada akakaa. Tukasikia maji yakimwagika.

"Zulia langu liko wapi?" dada akauliza.

Nikalitoa mvunguni mwa kitanda, nikamweleza. Sijawahi kumwambia dada maneno mengi hivyo kwa mara moja, wala yeye kunisikiliza bila kunikatiza. Akalitia zulia ndani ya lile begi alilolileta kwa ajili ya nguo za mama, akafunga zipu.

"Huyo fundi anakaa wapi? Nikamshukuru."

Yeye alimshukuru kwa mdomo, siku ile ile. Mimi mdomo wangu ni mzito. Jumapili nilichukua brashi nikaenda kupaka rangi ya manjano ukingo wa kila kidato cha ngazi yake. Akatokea mlangoni, akatazama chini kwa muda mrefu.

"Kaka, hii mbona inaonekana!" Akashuka bila kupapasa ukuta, akapanda, akashuka tena.