Kiti cha Msoma Njia

Fundi mapazia wa mtaa wetu hanunui kitu kwa macho matupu. Ana lenzi ndogo ya kuhesabia nyuzi, na kitambaa kisichojaa nyuzi humrudia mwenyewe bila mabishano. Miaka ishirini ameshonea mahoteli na maofisi, na hajapata mtu wa kumuuzia gunia kwa jina la hariri. Mimi nauza kompyuta mpakato zilizotumika, duka la tatu kutoka kwake. Siku alipoingia kwangu na lenzi ikining'inia shingoni, nilijua nimepata mteja mgumu kama kisiki.

"Nataka mashine ya kuchezea gemu."

"Gemu, mama? Kwa umri huu?"

"Umri wangu haujaja kununua. Nionyeshe mashine."

Habari yake nilikuwa naijua nusu. Yeye na kitinda mimba wake walikuwa wakicheza gemu la malori: kijana anaendesha, mama anakaa kiti cha pembeni, anasoma alama na kutaja kona. Kisha kijana akapata kazi kwenye ghala la baridi, nchi ya mbali, akaondoka na mashine. Kwenye simu ni "mzima, mama", "nimekula, mama", basi. Akishika usukani ndipo hufunguka: jino linalomuuma, msimamizi anayemnunia, hata binti anayempenda. Mwaka wa pili sasa anaendesha peke yake. Juzi aliandika, "Mama, kiti chako bado kitupu." Kauli hiyo ndiyo iliyomtoa kwenye cherehani.

Nilikuwa na mashine mbili, bei zikikaribiana. Moja nyembamba, kioo chake kina nukta nyingi mno, picha kali kama kisu. Ila kadi ya michoro ndani, ile inayochora kila kinachosogea, ilikuwa dhaifu. Nyingine nene kama tofali, kioo cha kawaida, rangi zimepauka, feni inavuma. Ila kadi yake ina nguvu. Mcheza gemu huchukua tofali. Sikumwambia. Ile nyembamba ilikuwa imenikalia miezi mitano, na mimi siuzi ushauri, nauza mashine.

Akaweka lenzi kwenye vioo, kimoja kimoja, akihesabu, midomo ikicheza. "Hii ina nyuzi. Hiyo nyingine chandarua. Na macho yangu siku hizi yanataka herufi kali."

"Hujakosea. Nikufungie?"

"Kitambaa huloweshwa kabla ya kukatwa. Mwanangu yuko mapumziko saa hizi. Washa gemu."

Gemu huwa naliweka kwenye kila mashine kwa ajili ya majaribio, kwa hiyo sikuwa na kisingizio. Akaingia kwa jina lake la zamani la gemu, akamwita mwanawe. Sauti ikatoka kwenye spika. "Mama? Ni wewe kweli?"

"Ni mimi. Endesha, acha maneno."

Wakapanda barabara ya mlimani. Picha ilikuwa nzuri ya kutundika ukutani, na ikatulia kama iliyotundikwa kweli: inaganda, inaruka, inaganda. "Kushoto!" mama akaita. Kona ilishapita. Lori likatumbukia mtoni.

"Mama umesinzia!" kijana akacheka. Mama hakucheka.

Nikapunguza nukta za gemu ili mashine ipumue. Mwendo ukaja, lakini kioo cha namna ile ukikilazimisha nukta chache hupaka ukungu, herufi zikawa kama zimemwagiwa maji. Akasogeza miwani mara tatu.

"Sioni jina la mji," akasema polepole. "Mwanangu, siuoni mji tunaokwenda."

"Zimebaki dakika kumi na mbili, mama."

Mali inayokaa dukani ni hasara, lakini inayorudishwa mbele ya mtaa mzima ni hasara mara mbili. Nikaamua kusema. "Mama, nukta ni nyuzi, na kila moja lazima ishonwe upya, makumi ya mara kwa sekunde. Ukiipa cherehani dhaifu turubai nzito..."

"Inaruka mishono." Akanitazama juu ya miwani. "Ulijua tangu nilipoingia."

"Nilijua."

"Mwizi mwenye leseni. Lete tofali."

Kwenye tofali alama hazikuwa kali, ila zilisomeka, na barabara ikatiririka. "Daraja mbele, punguza. Kulia, kulia ndefu." Lori likafuata sauti yake. Baada ya kona ya nne kijana akaanza kusema bila kuulizwa: chumba chake kina dirisha moja, halina pazia, taa ya ghala inampiga usoni usingizini.

"Upana wake?"

"Sijapima."

"Pima kesho. Shikilia kushoto."

Kengele ya ghala ikalia upande wa pili. "Naegesha hapa, mama. Tutaendelea Jumapili." Sauti ikakatika. Kwenye kiti cha dereva akabaki mdoli wa gemu, kofia kichwani, mikono kwenye usukani.

"Hafanani naye hata kidogo," mama akasema.

Nikataja bei. Akanikaba koo, na nilikuwa nimejiandaa. Akapunguziwa, akadai na begi, akapewa na begi. Muda wote huo macho yake hayakutoka kwenye kioo. Nikanyoosha mkono nizime ili nimfungie mzigo wake.

"Subiri kidogo," akasema. "Ametoka sasa hivi tu."