Fundi wa Nguo Aliyeomba Amalize

Mwezi uliopita nilihudhuria kikao cha wananchi katika kijiji kimoja kupita Kalamba. Tulikuwa tunajadili zahanati, ambayo hufungwa jioni. Mama mmoja, fundi wa nguo, alisimama akashika kiti cha mbele yake. Sauti yake haikutetemeka.

"Mimi nilijifungulia njiani nikipelekwa hospitali," alisema. "Tunaomba nesi wa usiku."

Afisa wa afya aliyeongoza kikao akamkatiza. "Mama, fupisha."

"Nitafupisha, mkubwa. Lakini niache nimalize."

Alimaliza, na afisa akaahidi nesi mbele yetu sote.

Nje nilimuuliza alijifunzia wapi kuongea hivyo.

"Kwa kilabu," akasema. "Mzee wangu alidhani ni ya pombe. Kumbe tunakutana Jumamosi, tunafundishana kuongea mbele ya watu. Siku ya kwanza nilitaja jina langu tu, nikaketi nikalia. Wakanipigia makofi hata hivyo."

Juzi nesi alianza kazi. Wakubwa watakuja kushukuriwa, na hotuba zao hazitafupishwa. Mimi nawashukuru wanakilabu, waliomsikiliza mama huyu alipokuwa bado hana la kusema ila jina lake.