Ndevu za Kumngoja Mama Mkwe

Wapo watu wakiweka nadhiri huacha sigara, na wengine huahidi kupatana na majirani. Kibiriti, kinyozi wa mtaa wa nyuma ya posta, aliapa kutonyoa ndevu mpaka mchezo wa kuigiza urudi jukwaani. Usiulize akili hizo alizitoa wapi. Mkewe aliuliza, na mpaka leo hajajibiwa.

Jina la Kibiriti hakupewa kwa wembamba, maana alikuwa mnene wa haja. Alipewa kwa sababu ukimkwaruza kidogo tu anawaka. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu ukutani na viti viwili vya kuzunguka. Cha kushoto kilikuwa chake. Cha kulia kilikuwa cha rafiki yake, Taratibu, mtu aliyenyoa kichwa kimoja kwa muda ambao Kibiriti angenyoa ukoo mzima na wakwe zao. Wateja wenye haraka walikaa kushoto. Wateja waliopenda masikio yao walikaa kulia.

Wawili hao walijifunza kazi pamoja, na siku moja wakiwa bado vijana, mvua iliwakimbiza wakajibanza kwenye ukumbi wa maigizo. Ndani kulikuwa na mchezo wa nyimbo unaoitwa *Mfalme Mwizi wa Kuku*. Mfalme amechoka na vyakula vya kasri, basi kila usiku anavaa matambara na kuwaibia raia wake kuku. Nchi nzima inalia, mawaziri wanaunda kamati, na anayekuja kumkamata ni mama mkwe wake. Anasimama mbele ya baraza lote na kuimba wimbo wa kumtaka mkwewe arudishe jogoo. Katikati ya wimbo ananyamaza, anapeleka mkono polepole kwenye kilemba cha mfalme, anachomoa unyoya. Vinyozi wale waliingia kukwepa mvua wakatoka wamepagawa. Tangu siku hiyo hawakuwa na timu ya mpira wala chama cha siasa. Walikuwa na Mama Mkwe.

Miaka ikapita, mchezo ukasahaulika, mpaka ukumbi ulipoamua kuufufua kwa waigizaji wapya. Kibiriti na Taratibu walikwenda siku ya kwanza wamevaa kama wanaposa. Walipotoka walikata tiketi nyingine papo hapo, viti vinavyofuatana, ili wauone tena. Kabla siku yao haijafika, ule ugonjwa ukaifunga dunia, na ukumbi ukafungwa nayo. Tangazo lilisema ni wiki mbili tu.

Hapo ndipo Kibiriti aliposimama katikati ya saluni, wembe mkononi, mbele ya wateja.

"Basi na mimi sinyoi," alisema. "Kidevu hiki hakitaguswa mpaka Mama Mkwe arudi. Na siku hiyo nitaingia ukumbini kikiwa laini kama yai, na atakayeninyoa ni huyu hapa."

"Kwa nini usijinyoe mwenyewe?" mteja mmoja aliuliza.

"Kinyozi hajinyoi," Taratibu alijibu kwa niaba yake. "Huyu akijinyoa tutamzika."

Wakacheka. Wiki mbili ni nini bwana, ni vinyweleo tu. Lakini wiki mbili zile zilizaa miezi, na miezi ikazaa mingine. Saluni nayo ilifungwa. Kibiriti alikaa nyumbani akiimba wimbo wa jogoo jikoni, chooni na dirishani, mpaka mkewe akamuuliza kama na hilo watalipatia chanjo. Ndevu zilimshuka shingoni, zikavuka kola, zikalala kifuani. Saluni ilipofunguliwa tena, mteja mgeni alikuwa akichungulia mlangoni, akaona kinyozi mwenye kichaka kile, akaomba radhi na kwenda zake. Nani amwamini fundi wa viatu anayetembea peku?

Ndevu zingevumilika. Kilichoharibu kila kitu ni mdomo.

Siku hiyo kwenye kiti cha Taratibu alikuwa amekaa mwalimu mstaafu, mwanamama aliyependa nywele zake zikatwe chini kabisa, na ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa mashabiki wa mchezo ule hapo mtaani. Hakuchaguliwa na mtu. Alizoea tu kuongoza. Mazungumzo yakafika kwa Mama Mkwe, nani zaidi, yule mwigizaji wa zamani au binti wa sasa.

"Yule wa zamani ndiye mwenyewe," Kibiriti alisema. "Sauti yake ilikuwa inatikisa viti. Hiki kisichana chembamba kitaimba nini?"

Taratibu aliendelea kunyoa. Alipomaliza nyuma ya sikio ndipo alipojibu. "Yule wa zamani alikuwa hajui kunyamaza. Pale kwenye unyoya alikuwa anaguna, anakohoa, anapiga mguu. Huyu binti ananyamaza kweli. Mimi nampenda zaidi."

Neno dogo tu. Mtu mwenye akili timamu angesema haya, kila mtu na anachopenda. Lakini kibiriti kilishakwaruzwa.

"Wewe utajua nini," alisema. "Mtu gani huna masikio. Mkeo alifunga mizigo yake yote akaondoka, wewe hukusikia hata mlango."

Mashine zote mbili zikazimwa. Hata mwalimu, aliyekuwa na jibu kwa kila jambo tangu azaliwe, alitazama magoti yake. Mke wa Taratibu aliondoka zamani, na ni kweli kwamba aliondoka wakati mumewe amelala. Jambo hilo Taratibu alimsimulia mtu mmoja tu duniani. Ulimi unauma kuliko meno, na Kibiriti alijua alipouma. Alilijua neno lilipokuwa bado linatoka, akashindwa kulirudisha. Taratibu alimpangusa mwalimu shingo, akakunja taulo, akasema, "Mwingine."

Kuanzia hapo hawakusemezana. Nao walikuwa na kioo kimoja, kwa hiyo walinuniana huku wakitazamana kutwa. Shida ya vifaa waliimaliza kupitia vichwa vya watu.

"Mwambie jirani yako anipe brashi," Kibiriti alimwambia mteja.

"Mwambie brashi ipo mbele ya tumbo lake," Taratibu alimwambia mteja huyohuyo.

Wateja walilipenda jambo hilo kuliko redio. Kibiriti hakulipenda hata kidogo. Alikuwa na hamu na rafiki yake, na rafiki yake yuko hatua chache tu, anapiga mluzi. Kila asubuhi aliamka na neno la msamaha mdomoni, na kila alipofika saluni alilimeza pamoja na chai. Mkewe alimwambia maneno mawili hayahitaji mkutano wa wazee. Alijibu kwamba anasubiri nafasi nzuri. Nafasi nzuri ilikuwa inakaa kiti cha pili, lakini ukimweleza mtu mwenye kiburi utachoka bure.

Kisha mwalimu akaingia na habari, amevaa barakoa mbili kwa uhakika. Mchezo unarudi. Jumamosi mchana. Tiketi za zamani zinakubalika, viti vilevile.

"Na ndevu?" aliuliza, akamtazama Kibiriti, akamtazama Taratibu.

Mashine zote mbili zikawashwa kwa pamoja.

Jumamosi ilifika kabla kiburi hakijaondoka. Asubuhi Kibiriti alijifungia bafuni na mashine yake, akajiambia kwamba mithali zilitungwa na watu wasio na mashine ya umeme. Alianza shavu la kushoto. Lilikwenda vizuri. Akashuka kidevuni, na pale mashine ikakutana na ndevu za miaka. Ilinguruma, ikanuka kama pasi iliyosahauliwa kwenye shati, ikafa. Alipotazama kioo aliona watu wawili. Kushoto bwana harusi, kulia mtu aliyetoka msituni. Akachukua wembe, akajikata mara mbili, akaita mke wake.

Mkewe alikuja na hakusaidia chochote. Alishika mlango ili asianguke kwa kucheka. "Kinyozi hajinyoi, mume wangu," alisema alipoweza. "Nenda kwa shemeji yangu. Na ukifika, sema lile neno."

Kibiriti alivaa barakoa, ambayo ilifunika nusu na kuacha nyingine ikimwagika upande mmoja, akapita mitaa ya nyuma kama mwizi wa kuku mwenyewe.

Taratibu alikuwa peke yake saluni, amevaa shati lake la kuendea maigizo, anafagia. Aliinua macho. Kibiriti akavua barakoa. Midomo ya Taratibu ilitikisika kidogo pembeni, akaidhibiti. Akapiga kiti chake kwa taulo, mara moja, kama anavyofanya kwa mteja yeyote. Kibiriti akakaa upande wa kulia kwa mara ya kwanza tangu waanze ugomvi, akafungwa shuka shingoni.

"Umetia maji?" Taratibu aliuliza.

"Maji gani?"

"Si wanasema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Wewe umekaa miaka unanyoa wenzako."

Ilikuwa kauli ya kwanza baina yao isiyopitia kichwa cha mtu. Mkasi ulipita kwanza, mafungu ya ndevu yakaanguka mapajani. Kisha povu, kisha wembe. Kibiriti alipiga moyo konde. Alifungua mdomo aseme.

"Funga mdomo," Taratibu alisema. "Nitakukata."

Akafunga. Wembe ukashuka shavuni, ukazunguka kidevu. Alijaribu tena.

"Nimekwambia ufunge. Miaka yote hii huwezi kunyamaza dakika mbili?"

Basi ikawa hivyo. Alikaa na msamaha wake mdomoni, amezibwa na mtu anayestahili kuusikia. Wembe ulipoondoka ikaja spiriti, na spiriti kwenye majeraha mawili si mchezo. Machozi yakamtoka. Alipopata pumzi, kitu pekee kilichotoka ni, "Kali."

"Ndiyo, kali," Taratibu alisema, akafungua shuka, akalikung'uta nje. Nafasi ikapita. Lakini kidevu kilikuwa kama yai, hilo lazima tuseme.

Walikwenda ukumbini kwa mguu, mmoja mbele, mwingine nyuma. Mlangoni walikusanyika mashabiki, na wote walikuwa wanamsubiri Kibiriti. Nadhiri yake ilikuwa imekuwa mali ya umma. Alijiweka sawa, akainua kidevu, akapeleka mkono aivute barakoa chini.

"Barakoa," mlinzi wa mlango alisema.

"Kaka, ngoja kidogo. Mimi nimenyoa leo."

"Hongera. Barakoa."

Hivyo ndivyo kidevu kilichosubiriwa miaka kilivyoingia ukumbini bila kuonwa na mtu hata mmoja. Mwalimu alicheka hadi barakoa zake mbili zikapanda machoni.

Ndani kulikuwa na balaa lingine. Viti vyao viliachanishwa. Kati ya Kibiriti na Taratibu kuliwekwa kiti kitupu chenye karatasi: *Usikae hapa.* Kibiriti alikitazama kiti kile kwa chuki. Taa zikazimwa, ngoma ikaanza, na watu wakapiga makofi kabla hata pazia halijafunguka. Wengine walikuwa wanalia tayari. Mfalme akaiba kuku. Mawaziri wakaunda kamati. Kisha akatoka binti mwembamba, amevaa ushungi wa Mama Mkwe, akaanza kuimba kwa sauti ya chini.

Kibiriti alimsikiliza. Ukweli ni kwamba hata siku ile ya kwanza binti huyu alimtoa machozi, naye akasingizia vumbi. Sasa machozi yalishuka tena, yakaingia ndani ya barakoa, ambayo angalau kwa hilo ilifaa. Akageuka upande wa kiti kitupu.

"Nisamehe," alinong'ona.

Taratibu hakugeuka. "Nini?"

"Nisamehe. Kwa lile neno."

"Sisikii," Taratibu alisema, macho yake jukwaani. "Mimi si ndiye nisiyesikia hata mlango?"

Hapo kiburi kilichokaa na Kibiriti kuliko ndevu kikamtoka chote. Alivuta pumzi na kusema kwa sauti yake yote ya saluni, ile inayoshinda mashine mbili. Kwa bahati yake mbaya binti alikuwa ndio kwanza amenyamaza, mkono wake uko njiani kuelekea kwenye kilemba, na ukumbi mzima umeacha kupumua.

"Nimesema nisamehe, ndugu yangu. Masikio yako mazima. Mdomo wangu ndio mbovu."

Vichwa vyote viligeuka. Mwalimu alijifunika uso. Binti, mkono juu ya kilemba, hakutikisika. Alichomoa unyoya polepole, akamwonyesha mfalme, kisha akaunyoosha kuelekea gizani, alikoketi yule mnene.

"Umesikia, mkwe wangu?" alisema. "Wenzako wanakiri."

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko, mfalme mwenyewe akiwemo, na ngoma ilisubiri sana mpaka watu watulie. Katika vurumai hiyo Taratibu aliing'oa karatasi kwenye kiti cha katikati, akaikunja vizuri, akahamia hapo. Mlinzi alianza kuja, akawatazama, akarudi mlangoni.

"Nimesikia," Taratibu alisema. "Sasa nyamaza, binti anaimba."

Kibiriti akanyamaza.