Presha Moja kwa Mashamba Yote

Mama yake Hhando alipenda kusema kwamba mwanawe, kabla hajajua kutembea, alimwonea wivu ndama aliyekuwa akinyonya zizini. Sidhani kama alimsingizia. Siku ya harusi yake mwenyewe, koti jipya likiwa mwilini, Hhando alimvuta kaka yake nyuma ya jiko akamuuliza kwa nini ng'ombe aliyechinjwa leo ni mwembamba kuliko yule aliyechinjwa kaka alipooa.

"Muulize ng'ombe," kaka akajibu, akarudi kwenye ngoma.

Hata hivyo, hapa Rhotia hakuna aliyewahi kumwita Hhando mvivu. Shamba lake ni kipande chembamba kilicholala kwenye mteremko, na kila tuta amelichimba kwa mikono yake. Mahindi yake husimama kwenye mistari iliyonyooka kama wanafunzi mstarini. Juu ya shamba kuna msitu wa hifadhi. Ubavuni kuna korongo linalopanda hadi msituni. Chini kuna zizi, kihenge cha kuwekea mahindi na nyumba, na katika nyumba hiyo, chumba kinachotazama shamba ni cha mama yake, ambaye sasa miguu haimtii.

Ng'ambo ya barabara kuna shamba la Angelina, mjane mwenye kicheko cha karibu. Shamba lake ni pana na tambarare. Mtu akisimama mlangoni kwake anamwona tembo kutoka mbali, kama anavyoona basi linapokuja.

Nitasema hapa jambo ambalo kwenye semina huwa tunalimeza pamoja na soda. Tembo ana sheria, ana askari, ana watu wa nchi za mbali wanaomlilia. Hindi la Hhando lina Hhando peke yake. Kila asubuhi magari ya watalii yanapanda kwenda kreta kumtafuta mnyama yule yule aliyekula chakula cha watoto wa mtu jana, na hakuna anayeteremka kuuliza watoto hao wameamkaje. Hiyo si haki, na sitaacha kusema kwamba si haki.

Kwa hiyo bunduki ya pilipili ilipoletwa na mradi mmoja, tuliipokea kama mkwe. Si bunduki ya kuua. Ilibuniwa kwa ajili ya mchezo, watu wazima wafukuzane vichakani na kupigana kwa vipira vya rangi. Sisi tuliletewa vipira vyenye unga wa pilipili. Kikimpasukia tembo begani, unga unapanda hadi kwenye mkonga, naye anaamua kwamba mahindi ya leo si matamu. Nguvu inatoka kwenye chupa ya hewa iliyoshindiliwa. Kati ya chupa na bunduki kuna regulata, ndugu wa ile ya jiko la gesi, yenye skrubu ya kupandishia na kushushia presha, na geji ndogo yenye mshale. Ukipandisha mno, kipira kinapasuka ndani ya mtutu na mpigaji ndiye anayepiga chafya. Ukishusha mno, kinamgonga tembo na kudunda kama harage.

Bunduki ilikabidhiwa kwa Thomasi, fundi wa pampu za kunyunyizia dawa, kijana mwenye mikono mizuri na maringo yanayolingana nayo. Hakumfundisha mtu yeyote. Ukimuuliza habari za ile skrubu anakwambia, "Hayo mambo ya presha, mzee, niachie mimi." Na jioni alikunywa chai kwa Angelina, jambo ambalo halikumpita Hhando.

Lakini kilichomchoma si chai. Kwa Angelina, Thomasi alifika na kupiga papo hapo, bunduki ikalia kwa nguvu, tembo wakatimua mbio. Alipoitwa kwa Hhando, alisimama kwanza mpakani, akashika skrubu, akaelekeza mtutu kichakani na kufyatua bila kipira. Pa. Pa. Pa. Hewa tupu. Ndipo akaingia shambani, na hapo bunduki ikatoa sauti ndogo, na tembo wakaondoka polepole kupitia korongo, wengine bado wakitafuna.

"Umeona?" Hhando alimwambia mkewe, Blandina. "Anamwaga hewa kabla hajafika kwangu. Hewa yangu!"

"Si wameondoka, Baba Adrian?"

"Wameondoka wakitembea. Kwa Angelina wanakimbia."

"Sasa wewe unataka waondoke au unataka wakimbie?"

"Nataka wakimbie kama wanavyokimbia kwa Angelina!"

Alilala na neno hilo na kuamka nalo. Alikwenda kusimama barabarani kila bunduki ilipolia kwa jirani, akasikiliza mlio kama mtu anayepima kitambaa dukani. Mwishowe akaomba mkutano wa kitongoji.

Mwenyekiti wetu ni Goodness, mwanamke kijana asiyependa maneno marefu. Alimpa Hhando nafasi, naye akasimama akiwa amevua kofia.

"Mwenyekiti, bunduki ni ya kijiji. Hewa ni ya kijiji. Mbona wengine wanapigiwa ya kushiba na wengine ya njaa? Naomba presha moja kwa mashamba yote. Ile ya kwa Angelina."

Watu wakapiga makofi. Kila mmoja alikuwa na jirani yake wa kumtazama, na nani atasimama mbele za watu apinge usawa? Angelina alicheka tu. "Mimi sijawahi kuonja hiyo hewa, Baba Adrian. Kama ni tamu, karibu tugawane."

Thomasi angeweza kueleza. Badala yake alinuna. "Mnaongoza regulata kwa kupiga kura? Haya. Niambieni mnapotaka, nitaiweka hapo hapo."

Akapandisha presha hadi ile ya kwa Angelina. Goodness akatoa kwenye mkoba chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, akaidondoshea kwenye skrubu ili atakayeizungusha aonekane. "Atakayeigusa bila mkutano," alisema, "atajibu mkutanoni." Hhando alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Wiki iliyofuata, jua likizama, dume mmoja alishuka kwa Hhando. Thomasi akaja, hakusimama mpakani, hakufyatua hewa. Akapiga. Shamba ni jembamba, kwa hiyo alikuwa karibu, na kipira kilimpata dume kama kofi. Hakutafuta korongo. Alitimka moja kwa moja kuteremka, akapita juu ya kihenge, akabomoa upande mmoja wa zizi na kutokomea upande wa barabara. Mahindi ya mwaka mzima yakawa chini, yamechanganyika na samadi.

Majirani walikuja mbio. Hhando alijipangusa vumbi usoni.

"Lakini mmesikia?" alisema. "Imelia kama ya kwa Angelina."

Blandina alikuwa amepiga magoti, anaokota. "Imelia sawa kabisa, Baba Adrian. Kihenge tu ndicho hakipo." Kisha akamgeukia Thomasi. "Shemeji, mbona zamani tembo hawakukimbilia huku?"

Thomasi akajibu. "Kwa Angelina napiga kutoka mbali, kipira kinafika kimechoka. Hapa niko karibu. Nashusha presha ili kipasuke bila kumshtua, atafute korongo mwenyewe. Na ukishusha skrubu, mshale wa geji haushuki mpaka uitoe kwanza hewa iliyokwisha kuingia ndani. Ndiyo ile pa-pa-pa."

"Na hukusema?"

"Nani aliniuliza? Mliuliza mkutano."

Hhando alisikia kila neno, akageuzia uso ukutani. Kwake hayo yalikuwa maneno ya mtu anayekunywa chai kwa jirani.

Kabla mkutano mwingine haujaitwa, tembo walirudi. Safari hii walikuwa majike na ndama mmoja, kukiwa bado na mwanga wa kutosha kuhesabu masikio. Walikula mstari kwa mstari wakishuka, na ukuta wa chumba cha mama yake Hhando ukawa unakaribia. Watu walikuja na madebe. Angelina naye alikuja. Thomasi alisimama mpakani, mtutu ukiangalia chini.

"Sipigi," alisema. "Kwa presha hii watateremkia nyumba, na bibi yumo ndani."

"Basi shusha," Angelina akasema.

"Na rangi ya mwenyekiti?"

Wote wakamtazama Hhando. Sheria ilikuwa yake. Kushusha skrubu kulikuwa kukiri mbele ya Angelina kwamba kile alichokiita wizi kilikuwa kinailinda nyumba yake. Tena kulikuwa kukubali kwamba shamba lake litapigiwa hewa ndogo kuliko la jirani leo, kesho na siku zote. Niliona shingo yake inavyokakamaa. Hata wakati huo, tembo wakiwa mlangoni, aligeuza jicho kutazama ng'ambo ya barabara, kwenye mahindi ya Angelina ambayo hayajaguswa.

Sauti ya mama yake ikatoka dirishani. "Hhando! Mnabishana nini huko, na ndama yuko hapa ananitazama?"

Hhando akamnyang'anya Thomasi bunduki. Akaikwangua ile rangi nyekundu kwa kucha ya kidole gumba hadi ikatoka, akazungusha skrubu.

"Basi hapo," Thomasi akasema.

Hhando akainama kwenye geji. "Mbona mshale haujashuka?"

Thomasi alimtazama. Hhando akaelekeza mtutu kichakani, akafyatua. Pa. Akatazama geji. Pa. Pa. Mshale ukashuka. Akairudisha bunduki bila kumwangalia mtu.

Thomasi akaweka vipira na kupiga kwa sauti ile ndogo. Jike mkubwa alitikisa masikio, akapuliza mkonga, akasimama kama anayefikiri. Kisha akageukia korongo, ndama chini ya tumbo lake, na wengine wakafuata. Waliondoka wakitembea. Mmoja aling'oa bua la mwisho, akaenda nalo.

Asubuhi Hhando alikuwa anasuka fito za kihenge kipya, na Thomasi akimshikia upande wa pili. Walifanya kazi muda mrefu kabla Hhando hajauliza, macho yakiwa kwenye fito.

"Kwa Angelina nako, huwa unapiga ile hewa kwanza?"

"Hapana. Kwake sina sababu ya kushusha."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Hhando aliacha fito, akaenda hadi mlango wa jiko, Blandina alikokuwa akipepeta mahindi yaliyookolewa.

"Mama Adrian," alisema, na alisema kwa sauti ya kutosha kuvuka barabara, "kumbe ile hewa ya kwanza, kitongoji kizima, anapigiwa Hhando peke yake."