Kuruta Mlangoni

Juzi nilikuwa nikisoma kwenye simu maoni ya wachezaji kuhusu gemu mpya ya polisi. Mmoja alilalamika kwamba ukibisha mlango kwanza, unapigwa risasi. Nikakumbuka kibanda cha gemu pale Kiganjo, kilichonuka chipsi na soksi zilizolowa.

Siku moja, mimi na kaka yangu tukiwa watoto, kijana mwenye kichwa kilichonyolewa na viatu vinavyong'aa alisimama nyuma yetu. Kaka yangu aliacha papo hapo kuwapiga polisi waliokuwa wakivunja mlango kwenye skrini.

"Huyo ni karao, polisi kabisa," alininong'oneza. "Ametumwa atushike."

Niliamini.

"Na ukibisha kwanza?" kijana aliuliza polepole.

Tuliona ni mtego, tukakazia macho skrini mpaka akaenda.

Sasa najua alikuwa kuruta tu, mwanafunzi wa chuo cha polisi cha hapo Kiganjo. Alihitaji jibu, maana milango ya kweli ilikuwa ikimngoja.