Mrusi Aliyeangushwa na Piano

Blažena Kubíčková wa Brno hakuwa mtu wa kutungiwa wimbo. Mume wake Otakar alikuwa fundi wa tramu, yeye mwenyewe alikuwa na mikono mipana kama ya muuza nyama, na piano alifundishwa utotoni na mzee wa kanisani aliyekuwa akimchapa vidole kwa fimbo ya mwavuli kila alipokosea. Lakini alipata kazi ambayo wanawake wengi wa mtaa wake waliionea wivu: kuwapigia piano wasichana wa jimnastiki.

Siku hizo kanda za muziki hazikuwa zimeingia ukumbini. Msichana akipanda kwenye zulia kucheza zoezi lake, pembeni yupo mtu hai kakaa kwenye piano. Wakisafiri kwenda kushindana na mataifa, mpiga piano anapanda treni nao, anakula nao, anatapika nao. Wazee walikumbuka enzi ambapo mashindano hayo yalikuwa ya wanaume tu, wenye masharubu, na kukwea kamba na kurusha tufe vyote vilihesabiwa humo humo. Wanawake walichelewa kukaribishwa. Walipokaribishwa wakaja na muziki, na muziki ukaja na akina Blažena.

"Anayetazama noti za muziki huyo ni karani," alipenda kusema. "Mpiga piano anatazama kisigino."

Na kweli. Msichana akianza mbio za kwenda kupiga kichwangomba hewani, sauti za piano zinakimbia naye, zinapanda, halafu kunakuja pigo moja zito. Hapo ndipo mguu unapoachana na ardhi. Mwili wa msichana umefundishwa miezi na miezi kulingoja pigo hilo. Likiwahi, anaruka hajajiandaa. Likichelewa, miguu inababaika.

Majira ya kuchipua baada ya mwaka ule ambao vifaru vya kijeshi vya Warusi viliivamia nchi, mji wa Brno ukaandaa mashindano ya mataifa. Warusi wakaja. Siku ya kwanza, ya zoezi la lazima ambalo wote hucheza lile lile kwa muziki ule ule, msichana wao aitwaye Nonna, mwenye miaka kumi na tano na masikio makubwa, aliongoza. Ukumbi ukanyamaza kama matangani. Usiku mpiga piano wao akateleza kwenye barafu ya ngazi za hoteli, akavunjika mkono.

Desturi ni desturi: mwenyeji humwazima mgeni mpiga piano. Akaitwa Blažena.

Asubuhi alifanya mazoezi na Nonna mara mbili tu. Mtoto akampa karatasi za muziki kwa mikono miwili, akamwita shangazi. Blažena akazipokea bila kumtazama. Miezi michache nyuma kifaru kilikuwa kimepita juu ya uzio wa dada yake na kusaga mti wa plamu uliopandwa na baba yao. Sasa awapigie muziki mtamu?

Jioni, zamu ya kila msichana kucheza zoezi lake mwenyewe, ukumbi ulifurika. Nonna alipopanda kwenye zulia watu walipiga mluzi wa kumzomea. "Rudi kwenu!" akapaza sauti Matouš, muuza nyama wa mtaani kwao Blažena. "Na vifaru vyenu mvibebe!"

Blažena akaanza kupiga. Alipiga vizuri, hilo asikatae mtu. Kisha Nonna akaanza mbio zake za mwisho, sauti zikapanda naye, na Blažena, macho yakiwa pale pale kisiginoni, akalizuia lile pigo. Kidogo tu. Kiasi cha mtu kumeza mate.

Nonna akababaika, akaruka kombo, akatua kwa makalio.

Ukumbi ulilipuka. Watu walikumbatiana. Hawakumcheka mtoto, walisema baadaye. Walivicheka vile vifaru. Lakini aliyekaa kwenye zulia, magoti meupe kwa chaki, alikuwa mtoto.

"Bi Blažena!" Matouš alimdaka mlangoni. "Kesho mwangushe tena, nikupe soseji mpaka Krismasi!"

"Ameanguka mwenyewe."

"Ndiyo, ndiyo, mwenyewe!" Akamkonyezea jicho. Otakar naye akacheka, akamtwika koti mabegani kama malkia.

Kocha wa timu ya nyumbani, Hedvika, ndiye hakucheka. Alimvuta pembeni. "Ulichelewa."

"Nilichelewa wapi?"

"Nina masikio mimi, dada."

"Basi mbona hukuwaambia waamuzi?"

Hedvika akatazama viatu vyake. "Msichana wangu amepanda akawa wa kwanza. Ungekuwa wewe ungesema?"

Wakasimama hapo, wanawake wawili wazima, kila mmoja akiogopa uso wa mwenzake.

Ndipo Nonna akatokea kwenye ujia, macho mekundu. Blažena alidhani amekuja kumtemea mate, na kwa kweli alitamani iwe hivyo.

"Shangazi, unisamehe," mtoto akasema kwa Kirusi, ambacho Blažena alikielewa vizuri kuliko alivyopenda. "Nimekuharibia muziki wako. Kocha anasema sina masikio, nilikimbia kabla yako."

Blažena akahisi uso unawaka mpaka shingoni.

"Nimeponea chupuchupu, nimeingia fainali ya kesho nikiwa wa sita, wa mwisho. Utanipigia tena? Wewe unanitazama miguu. Yule wetu hatazami."

"Nitakupigia," akasema Blažena.

Nyumbani hakula. Otakar alimega mkate, akamuuliza kama ni tumbo. Akasema ndiyo, ni tumbo.

Kesho yake Blažena alipiga kama hajawahi kupiga. Matouš, safu ya mbele, alingoja pigo lichelewe. Halikuchelewa. Liliingia chini ya unyayo wa Nonna kama ngazi, na mtoto akaruka, akazunguka, akatua wima kama msumari. Alama yake ikawa ya juu kuliko zote za siku hiyo. Mluzi ukapigwa tena, na sasa ulikuwa wa kumzomea Blažena. "Umenunuliwa kwa bei gani, mama?" Matouš akapaza sauti, kisha akampa mgongo.

Hilo alilivumilia. Alilokuwa amelisahau ni kwamba kwenye fainali alama za siku zilizopita huhesabiwa pia. Walipojumlisha, anguko la jana lilikuwa bado lipo humo. Nonna akawa wa nne. Jukwaa lina nafasi za watatu.

Msichana wa Hedvika alivishwa dhahabu. Hedvika alipiga makofi huku akitazama dari.

Nonna akamkimbilia Blažena, akamkumbatia shingoni, jasho na chaki vyote. "Umeona, shangazi? Leo nimekusikiliza! Basi jana kosa lilikuwa langu, sivyo?"

Maneno yalikuwa tayari mdomoni mwa Blažena. Yalikuwa manne au matano, hayakuhitaji Kirusi kingi. Kocha wa Warusi alikuwa hatua chache nyuma, anasikia. Waamuzi walikuwa bado mezani. Na Matouš, na Otakar, na mtaa mzima.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Lilikuwa lako."

Mtoto akaitika kwa kichwa, akatabasamu, akaenda zake kujifunza kusikiliza vizuri zaidi.